Bibi Ndege na Mpunga wa Mama Komora

Kutoka Kipini

Safari ilianza Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gatini Kipini, na hasira zangu zilianza saa hiyo hiyo. Nayasema haya mapema kwa sababu tangu nirudi bwenini mmenizunguka kila jioni: "Rehema, ulimwona kiboko? Wazungu hula nini? Mbona umerudi na mtumbwi wa wauza ndizi, Bibi yuko wapi?" Nami nainama tu natazama vidole vyangu vya miguu. Mnanijua. Mbele ya watu sauti yangu hunikimbia. Basi nimeandika. Someni, mpokezane, kisha mniache.

Huyo Bibi alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya jua pana kama ungo. Alitoka kwao Ulaya kuja kutazama ndege. Si kuwala, si kuwauza, ni kuwatazama tu kwa darubini na kuwachora. Alitaka kuupanda mto Tana mpaka Wenje, na alitaka msichana wa kumfasiria, maana hakupenda hema lake liwe jirani na mkalimani wa kiume. Mama yangu ni Mpokomo, Kiingereza nimekipata hapa shuleni, na ilikuwa likizo. Nikatiwa mtumbwini kama mzigo mwingine.

Mnyapara wa safari aliitwa Shee, mtu wa Kau, ndevu za hina na mdomo usiojua kupumzika. Aliponitia machoni alicheka mbele ya wapiga upondo wote, wale wanaosukuma mtumbwi kwa mti mrefu.

"Ndiye mkalimani huyu? Mbona hana ulimi?"

"Mwache, mnyapara," akasema Buya, kijana wa upondo wa mbele. "Huenda anautunza kwa Kiingereza."

Wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nilikaa juu ya gunia nikatazama maji.

Kama hamjui, kutoka Kipini kwenda Kau mtu husubiri maji ya bahari yajae, yakuingize mtoni yenyewe, wapiga upondo wakipumzisha mikono. Maji yalikuwa yamejaa vizuri. Tukafungua kamba. Kabla hatujafika hata kwenye mikoko, Bibi akainua mkono: "Ngoja!" Ameona mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki, ambaye hata mtoto wa Kipini hamgeuzii shingo. Tukangoja. Mdiria akaruka, tukamfuata. Akatua, tukangoja. Maji nayo hayangoji mtu, yakaanza kupwa, na mpaka Bibi amalize kumchora mdiria, mitumbwi yetu miwili ilikuwa imekaa juu ya tope kama viatu vilivyosahauliwa. Tulishinda pale juani. Bibi alikula nyama ya mkebe chini ya mwavuli wake na kusema asubuhi ilikuwa nzuri sana. Wapiga upondo walikula mihogo mikavu na kumwita Bibi Ndege. Jina likamganda.

Kau na mfereji wa Belazoni

Kau tulilala kwa jamaa za Shee. Walitupa wali na samaki wa nazi, na hilo ndilo jambo la pekee katika safari nzima ambalo sina la kulilalamikia.

Kesho yake tukaingia mfereji wa Belazoni, ule unaounganisha maji ya Ozi na ya Tana. Ni mwembamba, matete yamekufunika huku na huku, na mbu hawasubiri giza. Bibi alikuwa anajua maneno matatu ya Kiswahili: ngoja, nyamaza, upesi. Kila kona ilikuwa ngoja kwa sababu ya korongo, nyamaza kwa sababu ya keremkerem, kisha upesi kwa sababu muda umekwenda. Buya alianza kuimba kumwigiza, "Ngoja, nyamaza, upesi," akipiga upondo kwa mwendo wa wimbo huo. Bibi akaufurahia, akauliza ni wimbo wa nini. Nilimwambia ni wimbo wa kazi. Hilo lilikuwa kweli.

Tulipotoka mferejini tukakuta wanawake wa Kiorma wakinywesha ng'ombe. Walituletea maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, yale maziwa yenye harufu ya mti ulioungua ambayo mama yangu angeuza pete yake ayapate. Bibi akanusa. Akakunja pua. Akasema yameungua, hayafai, akayamwaga mtoni, yote, wale wanawake wakiwa wamesimama pale pale.

Mmoja wao akauliza, kwa Kiswahili chao cha kukatakata, "Kwa nini naye namwaga?"

Nilifungua mdomo. Shee akanitangulia. "Desturi yao, mama. Kwanza wanaupa mto."

Wanawake wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaongeza kibuyu kingine. Shee akakinywa yeye. Akapangusa ndevu, akanikonyeza. "Umeona, binti? Mkalimani mzuri hafasiri. Mkalimani mzuri anatengeneza."

Nilimtazama yule mama wa pili, aliyetoa maziwa ya watoto wake kwa ajili ya uongo, na uso wake sikuusahau mpaka mwisho wa safari.

Mashamba ya chini ya Garsen

Siku ya tatu mpiga upondo mmoja akashikwa na homa. Tukamlaza chini ya mkeka, mtumbwi wa nyuma ukawa unasukumwa na mtu mmoja. Kwa mwendo huo Wenje ingekuwa ndoto. Ndipo Shee akasema tutaingia kijiji cha kwanza cha Wapokomo, tutafute watu wawili wa upondo.

Kijiji hicho kiko chini kidogo ya Garsen, ukingoni mwa mto. Kabla hatujakiona tulikisikia. Ulikuwa wakati ule mpunga umetia maziwa, punje bado laini, na hapo ndipo kwelea, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu, hushuka kama wingu. Basi kijiji kizima kilikuwa kazini, kikiamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga. Kila shamba lina dungu, yaani kichanja kirefu cha miti, na juu yake mtu anakaa tangu alfajiri mpaka jua lizame. Anapiga kelele, anagonga debe, ana ufito wenye donge la udongo nchani, anaupunga, donge likaenda kama risasi. Ndege wakiinuka hapa, shamba la pili linawapokea kwa kelele, la tatu vile vile, mpaka wachoke waende kulala matetini na njaa yao. Hakuna anayepumzika, kwa sababu shamba likinyamaza kidogo tu, ndege wote wa mto huwa wageni wake.

Bibi aliziba masikio. "Kelele gani hii! Hakuna ndege atakayekaa!"

Nikasema taratibu kwamba ndiyo maana yake.

Usiku huo nililazwa kwa mama mmoja anayeitwa Mama Komora, ambaye kwa upande wa mama yangu ni kama shangazi. Alinipikia ndizi mbichi na kambare, akaniomba radhi kwamba hakuna wali. Mafuriko yalichelewa mwaka huo. Alipanda mara moja, mche ukakauka, akapanda tena kwa mbegu ya kuomba. Mumewe amekufa, mwanawe Komora amekwenda pwani kutafuta kazi na hajaleta habari.

"Shamba langu ndilo la kwanza kando ya maji," akaniambia. "Ndilo limewahi kuiva. Wiki moja tu, mwanangu. Wiki moja nikae juu ya dungu, halafu utakuja tena ule wali, si ndizi hizi."

Sauti yake ilikuwa imepasuka kwa kuamia. Ilitoka kama ya mwanamume.

Makubaliano ya Shee

Asubuhi mzee wa kijiji, Jilo, alikuja kutusalimu. Bibi akaniambia: "Mwambie kesho alfajiri nataka kupanda kile kichanja kilicho karibu na maji. Peke yangu. Na kijiji chote kinyamaze mpaka nishuke."

Nikafasiri neno kwa neno. Macho ya Jilo yakatanuka.

"Peke yake?"

"Ndiyo, mzee."

"Kabla ya jua?"

"Ndiyo."

"Na sisi tusitoe sauti mpaka ashuke?"

"Hivyo ndivyo anavyosema."

Akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Na sisi tumemtafuta mtu wa kufunga ndege tangu mwezi uandame!"

Hapo nikaelewa. Mama yangu alishanieleza. Huko mtoni, ndege wakizidi, watu humwita mgeni mwenye kazi ya kuwafunga kwa uganga wasile tena. Hupanda dungu peke yake kabla ya jua, kijiji kinanyamaza, hakuna kuamia, hakuna kutwanga, mpaka ashuke mwenyewe. Atakayetoa sauti ameivunja kazi. Na Bibi, bila kujua, alikuwa ameomba yale yale, kwa mpangilio ule ule.

"Mzee, sivyo," nikasema. "Bibi hafungi..."

Shee akanikanyaga mguu. Si kwa bahati mbaya, alibaki amenikanyaga. "Ndiye hasa, mzee," akasema. "Ametoka mbali. Yeye haombi kitu kwa kazi hiyo, ila mtupe vijana wawili wa upondo, na kuku kidogo za njiani."

Jilo alikwisha kuondoka mbio kuwatangazia watu.

"Umewadanganya," nikamwambia Shee.

"Nimewafurahisha. Unataka kumpigia upondo Bibi mpaka Wenje kwa mikono yako hiyo? Basi."

Nikaenda kwa Bibi. Nikamweleza kwa Kiingereza, polepole, kila kitu: wanakudhania mfunga ndege, watanyamaza, mpunga utaliwa, yule mama hana kingine. Alinisikiliza huku akipangusa darubini kwa kitambaa laini. Akatabasamu.

"Imani ya kupendeza sana. Tusiwavunjie. Ni asubuhi moja tu, Rehema. Ndege mdogo vile atakula kiasi gani?"

Wenzangu, nimeyaandika maneno hayo vile alivyoyasema. Sikuongeza hata nukta.

Nikamwendea Mama Komora, nikamweleza naye. Aliendelea kukanda udongo wa madonge.

"Jilo ameshakubali," akasema. "Nikikataa peke yangu, shamba lolote litakaloliwa mwaka huu litakuwa juu yangu." Kisha akaniangalia, na hapo ndipo aliponiumiza zaidi. "Na wewe una hakika hawezi? Labda anaweza, ila wewe hakukwambia?"

Asubuhi ya kimya

Bibi alipanda dungu la Mama Komora kabla ya kupambazuka, na mto ukanyamaza. Ng'ambo ya pili, kijiji kingine kiliendelea na madebe yao kama kawaida. Kwa hiyo ndege wa ng'ambo nao wakatujia.

Kwanza walikuja wachache, wakatua juu ya mabua wakageuzageuza vichwa, kana kwamba hawaamini. Halafu likaja wingu. Lilizunguka mara moja juu ya kofia ya Bibi, likashuka. Mabua yaliinama yote kwa pamoja. Kisha tukaanza kusikia sauti ya kula. Sikujua kwamba kwelea wakiwa wengi mlo wao una sauti, kama mvua nyepesi juu ya makuti.

Watu walikuwa wamekaa kwenye tuta, wanaume, wanawake, wazee, mikono midomoni. Waliamini. Walidhani ndege wanaitwa kwanza, kisha watafungwa. Nilimwambia Jilo sikioni, "Mzee, hatawafunga." Akaniwekea kidole midomoni kwa upole, kama mtu anavyomtuliza mtoto msikitini. Nikataka kusimama, Shee akanikamata kifundo cha mkono, na hakukilegeza.

Mama Komora alikuwa amekaa mbele ya wote, ameuma upindo wa nguo yake. Alikuwa anaona punje kwa punje. Bibi huko juu anageuza kurasa, anachora, anatabasamu peke yake.

Sijui ni nini kilimshinda Mama Komora. Ghafla alisimama, akaingia mpungani mbio, mikono juu, akapiga ukelele kwa sauti yake ile iliyopasuka. Ndege waliinuka mara moja, na anga ikawa nyeusi juu yetu. Chini yake nusu ya shamba ilikuwa mabua matupu yamesimama wima, mepesi, hayana cha kuyainamisha.

Bibi akageuka na uso umemwiva. "Ni nani yule mwanamke? Nyamaza!"

Kibanda cha wazee

Alasiri wazee walikaa. Wanawake walisimama nje, mimi nikaitwa ndani kwa kuwa ni mkalimani. Bibi alipewa kigoda, Shee akajipa chake.

"Kazi ilikuwa inakwenda," akasema Jilo. "Ndege waliitika wote, tumeona kwa macho. Mama Komora ameivunja."

"Ameivunja," akasema Shee, bila kuulizwa. "Mimi nimesikitika sana."

Mzee mmoja akasema mashamba mengine pia yameliwa, na aliyevunja kimya ndiye wa kufidia. Mpunga wa Mama Komora uliobaki uvunwe na kijiji, wagawane waliopata hasara. Wazee wakaitikia. Mama Komora alikuwa mlangoni. Alikuwa anatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na udongo wa madonge.

Nikasimama. Nikasema kwa Kipokomo, na sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka: "Bibi huyu hafungi ndege. Hakuwahi kusema anafunga ndege. Shee ndiye aliyesema. Bibi amekuja kuwatazama."

"Kuwatazama?" Jilo akauliza. "Ili iweje?"

Nikamuuliza Bibi. Akajibu kwamba ni kwa ajili ya kuwajua, na kwa furaha ya kuwaona. Nikafasiri.

Mzee mmoja akaanza kucheka. "Mtu avuke bahari aje atazame kwelea! Mjukuu wangu, uongo nao una adabu yake."

"Kasomeshwa huyo," akasema Shee. "Hajui tena lililo kweli na lisilo."

"Basi muulizeni mwenyewe!" nikapiga kelele. Ndiyo, mimi. "Muulizeni kwa Kiswahili, ajibu kwa mdomo wake, mimi nitanyamaza."

Jilo akamwinamia Bibi, akasema polepole, akionyesha angani kwa kidole: "Bibi. Wewe na ndege, vipi?"

Bibi akafurahi kwamba ameelewa. Tangu mferejini alikuwa ameokota maneno mawili matatu zaidi. Akaweka mkono kifuani. "Ndege, rafiki," akasema. "Rafiki yangu sana. Wote!"

Msiombe mkaona nyuso za wazee wale. Wa kwanza kusimama alikuwa yule aliyekuwa anacheka.

"Rafiki zake!"

"Ndiyo maana hata wa ng'ambo walikuja!"

"Na sisi tumewakalia kimya wakila!"

Wote wakasema kwa pamoja. Jilo alinyamazisha watu kwa fimbo, akatoa neno: mama aliyewafukuza hao marafiki hana kosa, mpunga uliobaki ni wake. Mgeni aondoke kesho asubuhi, vijana wa upondo hapati. Kuku alizokwisha kula Shee, Mungu ndiye ajuaye.

Bibi hakuwaita wale ndege, mimi najua hakuwaita. Lakini sikulisema. Nilikuwa nimeshawapa ukweli mara moja, na hawakuutaka.

"Wanasema nini?" Bibi akaniuliza. Nikamfasiria yote, sikuacha neno. Uso ukambadilika rangi. Akasema watu hawa hawana shukrani, alitaka kuwapa biskuti. Akasema kosa ni langu, mkalimani mzuri angeweka mambo sawa. Shee akatikisa kichwa kukubali.

Nilimtazama Bibi, nikamtazama Shee, nikaona kwamba katika jambo hili hawana tofauti hata ya unywele.

Jua lilipochomoza

Asubuhi iliyofuata mitumbwi ilipakiwa mapema. Bibi alikuwa ameshakaa chini ya mwavuli wake, Shee anafoka kwa kuwa sasa atapiga upondo mwenyewe. Buya akaja kuchukua kifurushi changu.

"Kinakwenda wapi, Rehema?" akauliza. "Mtumbwi wa mbele ama wa nyuma?"

"Mpe Bibi salamu," nikasema. "Mimi sipandi."

Akakirudisha kifurushi chini, akaniangalia, akacheka kidogo, akaenda zake. Nilisikia Bibi akiita jina langu, mara mbili, kisha Shee akiita kwa ukali. Sikugeuka. Nilipita tutani nikaenda moja kwa moja kwenye shamba la Mama Komora. Alikuwa amesimamisha dungu dogo la pili kwenye ile nusu iliyobaki, miti mitatu na kamba tu, linayumba. Yeye alikuwa kwenye lile kubwa. Nikapanda hilo dogo. Juu nilikuta ufito na lundo la madonge.

Kwelea walikuwa wanarudi, wamekwisha kuizoea njia. Nikabandika donge, nikaupunga ufito. Donge likaanguka miguuni pangu. Nikarusha la pili, likaenda mtoni.

"Si kwa bega!" Mama Komora akanipigia kelele kutoka juu. "Kifundo cha mkono! Kwa bega utawarushia chakula! Na mdomo huo, umeuleta wa nini?"

Nikafungua mdomo nikapiga ukelele. Wa kwanza ulikuwa mdogo, hata kwelea waliuonea huruma. Wa pili ukawa mkubwa kidogo. Nikabandika donge jingine, nikageuza kifundo kama alivyoniambia, nikapiga wa tatu, na wingu likainuka juu ya mpunga likaelekea matetini.